Kubangua na kukaanga korosho nyumbani: dhana potofu na ukweli

Mtu wa Newala, huko Mtwara kunakolimwa korosho, akisema anachoma korosho, na mtu wa Dar es Salaam akasema anakaanga korosho, kazi zao hazifanani. Wa kwanza ana korosho ghafi, yaani bado ziko ndani ya ganda, na moto wake ni wa kuunguza ganda hilo nje ya nyumba. Wa pili ana korosho karanga, zilizokwisha banguliwa, yaani kutolewa ganda, na moto wake ni wa kukausha kiini taratibu. Hasara nyingi, kuanzia malengelenge ya mikono hadi kikaango cha korosho nyeusi, hutokana na kuchukua kanuni ya moto mmoja na kuipeleka kwenye mwingine.

"Korosho huliwa hata mbichi, kama karanga"

Ganda la karanga halina neno. Ukilibana kwa vidole, limekwisha. Ganda la korosho lina tabaka gumu nje, tabaka gumu ndani, na katikati yake vijitundu kama sega la nyuki vilivyojaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Mafuta hayo yana asidi anakadiki na kadoli, ndugu wa karibu wa kile kinachowasha kwenye utomvu wa embe, kwa kuwa mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja. Yakigusa ngozi, madhara hayaonekani palepale kila mara. Yaweza kupita saa kadhaa, hata siku moja au mbili, kisha ngozi ikawa nyekundu, ikawasha, ikatoa malengelenge na mwishowe ikabambuka. Midomo ndiyo huumia zaidi, na ndiyo maana korosho ghafi haipasuliwi kwa meno, hata kwa mzaha.

Kinachowapotosha wengi ni bibo. Bibo ni tamu, lina maji mengi, na huliwa papo hapo chini ya mti, kwa hiyo mtu hudhani kilichoning'inia kwenye ncha yake nacho ni salama. Kwa kweli bibo ni kikonyo kilichovimba tu. Tunda lenyewe ni ile korosho ya kijivu iliyo nje, na mmea umelilinda.

"Ukiziloweka usiku kucha, ukali wote hutoka"

Hautoki. Yale ni mafuta, na mafuta hayayeyuki katika maji. Maji yana kazi nyingine: hulainisha kiini kidogo ili kisivunjike, na ganda lenye unyevu likipata moto wa ghafla hupasuka vijitundu vyake na kutema mafuta. Ndiyo sababu baadhi ya viwanda hulowesha korosho ghafi kabla ya kuzipika. Ukiziloweka halafu ukazipasua bila kuzichoma wala kuzipika kwa mvuke, umejipatia ganda laini linalorusha mafuta vizuri zaidi usoni mwako.

"Nitazichoma ndani, kwenye oveni, moshi hautakuwa mwingi"

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, na huwapata hasa wanaoletewa mfuko wa korosho ghafi kutoka kijijini wakiwa wanakaa ghorofani. Ganda likipata joto hutoa mafuta, mafuta huwaka, na mvuke wake huchoma macho, koo na mapafu. Nyumba hujaa moshi mweusi kwa dakika chache, na mafuta yaliyodondokea ndani ya oveni yataendelea kutoa moshi kila utakapoiwasha. Kama huna kiwanja chenye upepo, wape wenye kiwanja, au nunua zilizobanguliwa.

Mwenye kiwanja afanye hivi. Tafuta bati au nusu ya debe, litoboe kwa msumari matundu mengi, uliweke juu ya mafiga kwa moto wa kuni. Simama upepo ukikupiga mgongoni. Vaa mikono mirefu, glavu nzito na kitu cha kulinda macho, na weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Maji yasikaribie: mafuta yanayowaka yakimwagiwa maji hurukaruka na kusambaza moto.

Mwaga korosho kiasi cha kilo moja, zisizidi matabaka mawili, uzigeuze mfululizo kwa mti mrefu. Kwanza ganda hung'aa, kisha mafuta huanza kuchuruzika na kulia kwenye moto, kisha korosho zenyewe hushika moto. Hapo usikimbie na usiache kugeuza. Zinapokuwa nyeusi pande zote na zimevimba, pindua bati zote zimwagike chini kwenye mchanga, uzifukie mpaka moto uzime. Ukichelewa hapa kwa dakika moja, kiini ndani huwa na rangi ya kahawa na ladha ya mkaa. Ukiwahi mno, ganda linabaki kama ngozi, halipasuki, na mafuta bado yamo.

"Zikishaungua, ganda halina tena madhara"

Lina. Moto huondoa sehemu kubwa ya mafuta na kubadili asidi anakadiki kuwa kadanoli, ambayo nayo inawasha, ingawa kwa ukali mdogo. Kwa hiyo zikipoa, zibiringishe kwenye majivu yanyonye mabaki, na wakati wa kubangua uchovye vidole kwenye majivu kila mara. Wengine hujipaka mafuta ya kula mikononi, nayo husaidia, ila kiini huteleza.

Kubangua kunataka jiwe bapa na kipande kizito cha mti. Isimamishe korosho kwa ukingo, mgongo wake uliopinda ukiwa juu, uipige kwenye mshono pigo moja au mawili mepesi. Ukiilaza ubavu na kuipiga kwa nguvu, utapata vipande. Ukitoa kiini, kiweke kwenye chombo kisafi mbali na maganda. Kiini kilichopakwa mafuta ya ganda huacha ladha kali ulimini, nacho kitupwe. Maganda usiyafanye kuni za jiko la ndani, kwa sababu zilezile za oveni.

Jiandae pia kwa hesabu. Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa takriban kilo 1 ya korosho karanga, na anayejifunza hupata pungufu kwa sababu ya zilizovunjika na zilizoungua.

"Kuchuma mtini ni bora kuliko kuokota chini"

Kwa matunda mengi ni kweli, kwa korosho ni kinyume. Korosho iliyokomaa huanguka yenyewe pamoja na bibo lake. Ukiichuma mapema, ganda linakuwa na ukijani na kiini kimenywea kama kidole kilichokaa majini. Kinachotakiwa ni kufyeka chini ya mti na kuokota mara kwa mara, kwa sababu iliyolala kwenye majani yenye unyevu hupata madoa na ukungu. Tenganisha na bibo, kisha anika juani siku 2 au 3 ukizigeuza. Iliyokauka ukiitikisa karibu na sikio hucheza ndani, na ukucha haubonyei kwenye ganda.

Msimu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma huanza karibu na Oktoba. Anayekuuzia "korosho mpya" mwezi Juni, mwulize zilivyohifadhiwa. Kabla ya kununua nyingi, omba kiganja kimoja uzitie kwenye ndoo ya maji: nzito huzama, na zinazoelea mara nyingi ni tupu au changa. Kilo moja nzuri huwa na korosho kama 180 hadi 220. Zikizidi sana hapo, ni ndogo.

"Za dukani zimeandikwa mbichi, basi ni mbichi"

Maana yake ni kwamba hazijakaangwa. Ili zitoke kwenye ganda zilipikwa kwanza kwa mvuke au kwa mafuta ya moto, kisha zikakaushwa ili ngozi nyembamba ya kahawia ibambuke. Kwa hiyo anayesema anakula korosho mbichi za pakiti kwa ajili ya afya, anakula kitu kilichokwisha pitia joto. Halimdhuru, ila asijisifu sana.

"Kubwa na nyeupe ndiyo tamu"

Alama kama W240 na W320 huhesabu tu idadi: W320 ni korosho nzima kati ya 300 na 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454 hivi, na W240 ni kubwa zaidi, kati ya 220 na 240. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza la weupe. Hakuna mahali panapotajwa ladha. Vipande vimetoka kwenye korosho zilezile na bei yake ni ya chini. Kama ni za kusaga kwenye mchuzi au mboga za majani, kununua nzima ni kulipia sura. Kosa ni kuchanganya nzima na vipande kwenye kikaango kimoja, maana vipande huungua nzima zikiwa bado hazijaiva.

Kinachofaa kukaguliwa ni harufu na mkatiko. Pakiti ikifunguliwa ikanuka kama mafuta ya taa ya zamani au rangi ya ukutani, mafuta yake yameharibika, na hakuna viungo vitakavyoficha.

"Moto mkali huzikausha haraka"

Moto mkali huzipaka rangi haraka, jambo ambalo ni tofauti. Korosho ina sukari kiasi na mafuta karibu nusu ya uzito wake. Juu hugeuka kahawia kabla joto halijafika katikati, na ncha mbili zilizopinda hutangulia kuungua kwa kuwa ni nyembamba. Mtu huona rangi nzuri, anaipua, na baada ya nusu saa anakuta korosho inayojipinda mdomoni.

Kwa oveni, tumia nyuzi 160, korosho tabaka moja kwenye trei, dakika 12 hadi 15, ukizigeuza kila baada ya dakika 4. Oveni yenye feni ishushe hadi nyuzi 140 hivi. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yafunikwe na majivu, tumia kikaango kizito, na korosho robo kilo kwa mara moja. Geuza bila kupumzika kwa dakika 10 hadi 12. Ambaye kikaango chake ni chepesi aweke kwanza nusu kilo ya chumvi ya mawe, aipashe moto, kisha akaangie korosho ndani yake na kuzichekecha baadaye. Chumvi husambaza joto kama mchanga unavyofanya kwa karanga, na chembe ikibaki hailiwi kama changarawe.

Mafuta ya kukaangia si lazima, zinayo yake. Ukipenda za kuchovya kwenye mafuta, moto uwe wa kiasi na uzitoe zikiwa na rangi ya krimu iliyoanza kugeuka dhahabu. Hili linahusu njia zote: zinaendelea kuiva dakika kadhaa baada ya kuipuliwa, kwa hiyo zimwage mara moja kwenye trei baridi. Usizipime zikiwa moto, kwani hata iliyoiva huwa laini. Toa moja, ipoe dakika 3, ipasue nusu kwa nusu utazame upande wa ndani. Ikikatika kwa mlio na ndani pana rangi ya krimu, zimeiva. Ikipinda na ndani ni nyeupe pe, zirudishe dakika 3 nyingine.

"Chumvi hunyunyizwa mwishoni"

Ukinyunyiza kwenye korosho kavu, yote hukaa chini ya bakuli. Kwa nusu kilo, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi laini katika vijiko viwili vya chakula vya maji ya moto, changanya na korosho, ziache dakika 20 hadi zinywe maji, kisha zitandaze na kuzikaanga. Dakika mbili tatu zitaongezeka. Pilipili na binzari zisubiri mwisho, pamoja na matone ya mafuta, kwa sababu huungua na kuwa chungu.

"Zikiwa na ukungu, moto utamaliza"

Moto wa kikaango huua ukungu, lakini sumukuvu ambayo ukungu umekwisha kuiacha hubaki kwa sehemu kubwa. Kiini chenye unga wa kijani, cheusi au cha njano, au chenye utando wa wadudu, ni cha kutupa, na usikionje ili kuhakikisha. Vivyo hivyo kwa mzio: kukaanga hakuifanyi korosho kuwa salama kwa asiyepatana nayo, na mzio wake unaweza kufunga pumzi. Ukiwapa wageni chakula kilichosagiwa korosho, waambie kabla.

"Zina kolesteroli"

Hazina, ni mmea. Zina nishati nyingi, takriban kilokalori 550 kwa gramu 100, na hilo ndilo la kuhesabu.

"Zihifadhi zikiwa bado moto, zibaki na ukavu"

Joto lililofungiwa hutoa mvuke, mvuke huganda chini ya kifuniko, na kesho zimelegea. Ziache zipoe kabisa, saa moja hivi, kisha ziingie kwenye chupa kavu ya kioo iliyojaa karibu hadi mdomoni, mbali na jua. Kwa joto na unyevu wa pwani, zilizokaangwa ziliwe ndani ya wiki 3. Ambazo hazijakaangwa hukaa miezi 6 kwenye friji na hadi mwaka kwenye friza, mradi zimefungwa vizuri, maana hunyonya harufu ya vitunguu na samaki. Zilizotoka kwenye baridi zisifunguliwe palepale. Acha chupa ifikie joto la chumba ikiwa bado imefungwa, la sivyo umande utatua juu ya korosho. Zilizolegea hurudi kwa dakika 5 kwenye oveni ya nyuzi 150.