Khachkari: jiwe la msalaba la Waarmenia

Khachkari ni bamba la jiwe linalosimamishwa wima, na uso wake huchongwa msalaba uliozungukwa na nakshi. Jina lenyewe limeundwa kwa maneno mawili ya Kiarmenia: khach, yaani msalaba, na kar, yaani jiwe. Anayeziona zikiwa mamia kwa mamia katika makaburi ya Noratus, karibu na Ziwa Sevan nchini Armenia, hudhani kuwa ni alama za makaburi tu. Hiyo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa zilisimamishwa pia kwa kushukuru ushindi vitani au kukamilika kwa kanisa, na zaidi ya yote kwa kuombea roho ya mtu, hata aliyekuwa hai bado. Ile ya kale zaidi yenye mwaka unaojulikana, ya mwaka 879, ilisimamishwa Garni na Malkia Katranide kwa ajili yake mwenyewe.

Katika khachkari nyingi mwili wa Kristo hauonekani msalabani. Badala yake, machipukizi na majani huota kutoka chini ya msalaba, kwa sababu Waarmenia waliuona kuwa mti wa uzima kuliko chombo cha mateso. Khachkari ya monasteri ya Haghpat ya mwaka 1273, inayomwonyesha Kristo aliyesulubiwa, ni miongoni mwa chache zilizokiuka desturi hiyo. Mafundi hutumia patasi na nyundo, kisha husugua jiwe kwa mchanga laini. Katika monasteri ya Goshavank, fundi Poghos alichonga mwaka 1291 khachkari ambayo nakshi zake ni nyembamba mno, hata mtu angeapa kwamba zimedariziwa kwa sindano. Hata hivyo, ustadi peke yake haukamilishi kazi: jiwe hubarikiwa na kupakwa mafuta matakatifu, na tangu hapo waumini huliamini kuwa lina nguvu ya kulinda na kuponya.

UNESCO iliiorodhesha sanaa hii mwaka 2010 kuwa urithi wa binadamu usioshikika. Miaka mitano kabla ya hapo, Desemba 2005, wanajeshi wa Azabajani walirekodiwa kwenye video kutoka ng'ambo ya mto Aras, upande wa Iran, wakivunja khachkari za mwisho za makaburi ya Jugha, katika eneo la Nakhchivan la Azabajani, ambako zamani zilikuwapo maelfu. Serikali yao ilikana. Chache zilizokuwa zimehamishwa mapema zimesimama sasa Echmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia.