Afya ya akili: tunayoyaamini Dar, na ukweli wenyewe

"Mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyokuwepo) hutulizwa tu, haponi."

Dhana hii inaumiza kuliko zote, maana hata baadhi ya watoa huduma wanaiamini. Kule Vermont, Marekani, mtafiti Courtenay Harding na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa wagonjwa sugu waliotoka hospitali ya serikali. Matokeo yalichapishwa 1987: kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa. Kwa nini muuguzi wetu haoni hivyo? Aliyepata nafuu yuko Kariakoo anauza vitenge. Wodini hurudi aliyezidiwa.

"Huduma ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake inamwachisha dawa."

Hapana. Dawa zinabaki. Ila mama lishe wa Mbagala akisema vidonge vinamlaza alfajiri, saa ya kukaanga vitumbua, daktari anaangalia upya dozi au saa ya kumeza. Asiposikilizwa, ataziacha kimyakimya.

"Wauguzi wakihudhuria semina ya huduma hiyo, mambo yatabadilika."

Semina inasaidia, lakini muuguzi anarudi kwenye foleni ileile na dakika chache kwa kila mtu. Fomu inauliza wangapi wameonwa na wangapi wamepewa dawa. Nani amerudi kazini, haiulizi. Juu ya hayo kuna hofu: mgonjwa akipewa ruhusa na likatokea baya, lawama ni ya aliyekuwa zamu. Kwa hiyo, hata mwenye moyo mwema atachagua kumfungia mlango. Mkuu wa idara asipobadili anachokidai kwenye ripoti, na asiposimama na watu wake, cheti cha semina kitabaki ukutani. Hapa ndipo penye uzito, kwa maoni yangu.

"Huduma ya namna hiyo ni ya nchi tajiri."

Muhimbili ina kituo cha Vikuruti, ambako waliopata nafuu hujifunza kuishi kwa kazi, kilimo kikiwemo.

"Mgonjwa hawezi kuamua, ndugu waamue."

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unawahusu pia wenye ulemavu utokanao na maradhi ya akili ya muda mrefu. Hata hivyo kliniki bado utasikia kaka mtu akiulizwa, "Analala vizuri?", na mwenyewe amekaa palepale. Aulizwe yeye kwanza, kisha kaka aongezee.