Nimonia ya mafuta ya taa ni nini?

Ni uvimbe mkali wa mapafu unaoletwa na kemikali, si na viini vya maradhi. Hutokea mtu anapomeza mafuta ya taa, petroli au thina ya rangi, kisha sehemu yake ikapotea njia na kuingia kwenye mapafu. Wanaoumia sana ni watoto wadogo. Katika nyumba nyingi za chumba kimoja kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mathare au Mukuru, mafuta ya stovu huletwa kwa chupa ya soda na kuwekwa sakafuni. Mtoto mwenye kiu akiiona, anajua ni ya kunywa.

Hatari yake iko katika wepesi wake. Mafuta haya hutambaa haraka kuliko ya kupikia, na hata kiasi kisichojaza kijiko cha chai kikifika mapafuni kinaweza kuua. Huko huharibu ute mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visishikamane. Vifuko husinyaa, vingine hujaa majimaji, na oksijeni inashindwa kuingia kwenye damu.

Ndiyo maana nasisitiza: usimtapishe! Si kwa maziwa, si kwa maji ya chumvi, si kwa kidole. Mafuta ya taa yakitulia tumboni hayana madhara makubwa kama yakipanda tena kooni, ambapo mtoto anaweza kupaliwa nayo mara ya pili. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, umkimbize hospitali ukiwa na ile chupa.

Kikohozi, pumzi za haraka, mbavu kubonyea na midomo kubadilika rangi ni dalili kwamba mapafu yameguswa. Hata asiye na dalili huangaliwa kwa saa 6 hivi, maana picha ya eksirei ya mapema yaweza kuonekana safi.

Hakuna dawa ya kuyaondoa mafuta yaliyokwisha kuingia. Mapafu husaidiwa kufanya kazi hadi yajiponye: kwanza oksijeni ya puani, ikishindikana mashine ya kusukuma hewa kwa shinikizo, na kwa mahututi, mpira kooni na mashine ya kupumulia. Steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, hazijaonyesha faida. Antibiotiki nazo, ambazo wazazi wengi huziulizia mtoto akichemka, si za kuanzishwa ovyo. Homa ya siku ya kwanza mara nyingi ni ya kemikali yenyewe. Daktari huzitoa akiona bakteria wamefuatia, kwa mfano homa ikirudi baada ya kutulia.