Kutyuni kompyuta ya injini: maana yake, na namna ya kuchagua programu kwa gari la Kijerumani lenye turbo

Zamani kutyuni injini kulikuwa bisibisi, kabureta na sikio la fundi. Kwenye Golf GTI, Audi S3 au BMW za miaka hii, ni kubadilisha namba ndani ya kompyuta inayoendesha injini. Kompyuta hiyo imejaa majedwali ambayo mafundi huyaita ramani: kwa mizunguko hii na hewa kiasi hiki, cheche iwake wakati gani, petroli iingie kiasi gani, turbo isukume hewa kwa presha ipi. Anayetyuni huandika namba zake mahali pa zile za kiwanda. Steji 1 ni kufanya hivyo bila kubadilisha kipuri chochote. Steji 2 kwa kawaida hudai bomba la moshi lililo wazi zaidi baada ya turbo, mara nyingine na interkula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) kubwa. Majina haya hayana kiwango rasmi, kwa hiyo usilinganishe Steji 2 ya kampuni moja na ya nyingine kana kwamba ni kipimo.

Injini isiyo na turbo haikupi faida kubwa kwa njia hii, kwa sababu hewa inayoingia ni ile ile. Yenye turbo huongezewa presha tu. Golf GTI ya kizazi cha 7 ilitoka kiwandani na nguvu 220 za farasi na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 350. Steji 1 nzuri, kwa petroli nzuri, huifikisha karibu na farasi 300. Hapo ndipo matangazo yanapoishia. Mimi naona namba hiyo ndiyo ya mwisho kuitazama.

Kwanza elewa jinsi kompyuta hizi zinavyofikiri. Ukikanyaga akseleta, hufungui hewa moja kwa moja, unaomba torki. Kompyuta hupokea ombi, huuliza giaboksi inaruhusu kiasi gani, hutazama joto, kisha hukokotoa hewa inayohitajika na presha ya turbo itakayoileta. Muda wote inakadiria torki inayotoka kweli. Ikiona imezidi iliyoombwa, hufunga hewa au huingia katika hali ya kujikinga, gari likawa zito ghafla. Fundi aliyepandisha presha peke yake na kuacha majedwali mengine atakupa gari lenye nguvu kwenye mashine ya kupimia, linalokatakata barabarani. Ramani nzuri hubadilisha mlolongo mzima.

Programu zenyewe ni za aina tatu. Kuna kisanduku kinachochomekwa kati ya sensa na kompyuta, kama JB4, ambacho huidanganya kompyuta kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, nayo ikaongeza. Hakigusi ramani za ndani na hutolewa kwa dakika chache, lakini udhibiti wake una mipaka. Kuna faili lililotayarishwa kwa kila gari la aina moja: APR na Unitronic kwa Volkswagen na Audi, MHD kwa BMW, ambayo mtu huiingiza kwa simu na adapta ya OBD, soketi ya uchunguzi wa gari. Halafu kuna faili linaloandikwa kwa ajili ya gari lako, mtaalamu akisoma rekodi za injini yako ikiwa barabarani na kurekebisha hatua kwa hatua. Anaweza kukutumia kupitia bootmod3, programu nyingine ya BMW, au MHD hiyo hiyo, au fundi wa karibu akasoma faili la kiwanda, akalihariri kwenye WinOLS, programu ya kuhariri ramani, na kulirudisha.

Kabla ya kupenda jina lolote, jua kompyuta uliyo nayo. GTI ya kizazi cha 7 nyingi zina Simos 18 ya Continental. BMW nyingi zina Bosch, ya familia ya MEVD17 au MG1 iliyoifuata. Programu inayoingia kwa moja haiingii kwa nyingine, hata kama injini zinafanana. BMW ilikaza kufuli zaidi kwa kompyuta zilizotengenezwa kuanzia Juni 2020: hizo lazima zifunguliwe kwanza, kwa kawaida zikiwa zimetolewa garini. Tazama tarehe ya kompyuta, maana mwaka wa gari hautoshi.

Sasa petroli, na hapa ndipo wanunuzi wa Afrika Mashariki wanapoumia. Mafaili mengi yanatoka Marekani, nayo huandikwa 91 au 93. Namba hizo ni wastani wa vipimo viwili vya okteni (uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati), RON na MON. Ulaya, na kwetu pia, pampu hutaja RON peke yake, ambayo siku zote ni kubwa zaidi. Faili la 93 la Kimarekani linataka petroli ya RON 97 au 98 hivi. La 91 linataka RON 95 au 96. Mtu anaona 93 kwenye kituo cha mafuta, anaona 93 kwenye simu, anafurahi. Amepungukiwa kama okteni 5. Injini itaanza kugonga chini ya mzigo, petroli ikilipuka kabla ya wakati, sensa zitafanya cheche icheleweshwe (mafundi husema irudishwe nyuma), joto la moshi litapanda, na nguvu uliyolipia haitaonekana. Mjerumani ana Super 95, Super Plus 98, na vituo vya mafuta vya Aral humuuzia hata 102, kwa hiyo faili la Kijerumani la 98 nalo linadhani una chaguo hilo. Omba ramani ya mafuta unayoyapata kila wiki, pamoja na yale ya njiani ukisafiri.

Mwinuko nao una hesabu yake. Tuseme ramani inataka presha kamili, hewa ya nje ikihesabiwa, ya bar 2.2 ndani ya injini. Mombasa au Dar es Salaam, hewa ya nje ni karibu bar 1, kwa hiyo turbo inaizidisha mara 2.2. Nairobi hewa ni kama bar 0.82, na turbo ile ile italazimika kuizidisha karibu mara 2.7. Itazunguka kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Kiwanda huweka mipaka ya kuilinda turbo mahali palipoinuka. Ramani za bei rahisi huifuta ili gari lionekane kali. Muulize muuzaji ameiacha au ameiondoa. Akishangaa swali, umeshapata jibu. Pwani tatizo ni joto, na huko pesa ya interkula hufaa kuliko ya steji nyingine.

Giaboksi wengi huisahau. Golf za 1.4 TSI zinazoingia kwetu zikiwa zimetumika mara nyingi zina DSG, giaboksi ya Volkswagen yenye klachi mbili, ya gia 7 na klachi kavu, iitwayo DQ200, iliyoundwa kwa torki ya Nm 250. Injini ya farasi 140 inafika Nm 250 kabla hujagusa kitu. Hiyo mimi nisingeityuni. Zenye klachi ndani ya mafuta zinavumilia zaidi, ingawa nazo huenda zikahitaji programu yao wenyewe.

Milio ya risasi kwenye bomba la moshi, ambayo baadhi ya ramani huiongeza, ni mbwembwe tu, na inakula kataliti, kifaa cha kusafisha moshi.

Garantii: Volkswagen huweka alama kwenye mfumo wake ikigundua programu si ya kiwanda, hata ukiirudisha ya zamani. Ujerumani kwenyewe, gari lililobadilishwa bila kibali hupoteza ruhusa ya kutembea barabarani, ndiyo maana ABT, kampuni ya kutyuni ya Kempten, huuza nguvu pamoja na makaratasi yake.

Ukishaingiza ramani, rekodi mwendo wa gia ya tatu au ya nne, akseleta hadi mwisho, barabara ikiwa tupu. Tazama presha iliyoombwa na iliyopatikana, joto la hewa, na cheche ya kila silinda. Cheche kurudi nyuma nyuzi 1 au 2 za mzunguko wa injini kwenye silinda moja, mara moja moja, ni kawaida. Cheche za silinda zote zikirudi nyuzi 4 au 5 kila ukikanyaga, rudi kwenye faili la okteni ya chini. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji nani atazisoma rekodi hizo, na kama marekebisho yamo kwenye bei.