Koseti: imeshonwa na nini, na inaufanya nini mwili?

Koseti inawezaje kukibadilisha kiuno?

Koseti ni vazi la kubana kiuno na tumbo. Ile halisi hushonwa kwa vipande vyembamba vya kitambaa kizito cha pamba kisichovutika. Kwenye mishono hupitishwa vijiti vya kukaza. Zamani vilitoka kinywani mwa nyangumi. Watu waliviita mifupa, kumbe ni kitu cha jamii ya kucha. Siku hizi ni chuma bapa, chuma kilichosokotwa kama springi, au plastiki. Ndani, usawa wa kiuno, kuna utepe imara unaobeba mkazo ili mishono isifumuke. Mgongoni kuna matundu yenye pete za chuma, na kamba. Ukivuta kamba, nyama laini za tumbo hazina pa kwenda ila juu na chini.

Mafuta yanayeyuka?

Hayayeyuki. Mkanda wa mpira wa kubana kiuno, ambao wengine huuvaa badala ya koseti, hukutoa jasho, nawe ukipanda mizani unaona uzito umepungua. Hayo ni maji, ukinywa yanarudi. Umbo nalo hurudi muda mfupi baada ya kuvua.

Bora ni chuma, plastiki au mpira?

Chuma kilichosokotwa hupinda pande zote, hivyo hufuata mwili. Kile bapa hupinda mbele na nyuma tu. Plastiki nyembamba hulainika kwa joto la mwili, hukunjika kiunoni, na ncha zake huchoma ngozi. Mpira haupitishi hewa: jasho likituama huleta muwasho, vipele na fangasi, na mwenye mzio wa mpira asiuguse kabisa. Vaa fulana nyepesi ya pamba ndani, chochote utakachochagua. Lakini ukiniuliza mimi, vipimo ni muhimu kuliko malighafi. Koseti nzuri iliyoshonewa mwili mwingine itakuumiza vilevile.

Ndani ya mwili kunatokea nini?

Mbavu za chini husukumwa ndani. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushindwa kushuka vizuri, pumzi inakuwa fupi na kichwa kinaweza kuzunguka. Tumbo likibanwa, asidi hupanda kooni: kiungulia hicho, hasa baada ya kula. Ukisikia ganzi au moto upande wa nje wa paja, neva imebanwa pale nyonga. Legeza papo hapo. Usilale nayo, usifanyie mazoezi, na mjamzito asiivae.

Nimejifungua karibuni. Nijifunge?

Mkanda laini unaweza kukupa nafuu, hasa baada ya upasuaji, ila muulize kwanza mkunga au daktari wako. Koseti ya kubana ni jambo jingine: husukuma uzito chini kwenye misuli inayoshikilia kibofu na kizazi, misuli ambayo bado imechoka.

Mwanangu amepewa koseti ya uti wa mgongo uliopinda. Ina madhara hayohayo?

Usiichanganye na hizi za urembo. Ile ni ya plastiki ngumu, imetengenezwa kwa vipimo vyake, na ina mito inayosukuma sehemu maalumu ili mgongo usizidi kupinda wakati anakua. Mtoto hulalamika, ni kweli, na inasikitisha kumwona. Hata hivyo saa alizoandikiwa ndizo dawa yenyewe. Ikimchubua, mrudishe kwa waliomtengenezea wairekebishe, usiifungie kabatini.