“Fundi, gemu nzito imeniulia PS”: dhana ambazo nimechoka kuzisikia

Hapa Kisumu, konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu kwenye TV kama PS (PlayStation) au Xbox, ikikataa kuwaka huletwa mezani kwangu ikiwa imefungwa kwa leso, na hukumu yake imeshatolewa: gemu ndiyo imeiua. Mwenye kibanda cha PS kule Kondele husema vijana walileta God of War. Mama wa Milimani husema kijana wake alipakua gemu ya GB 100. Mwanafunzi wa Maseno huapa kwamba mashine ilikuwa nzima mpaka siku aliyoweka Cyberpunk 2077. Kisha wote huuliza swali lile lile: “Fundi, nicheze gemu gani ambayo haiharibu?” Kuna vibanda ambavyo vimebandika tangazo ukutani kabisa, FC pekee (ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA), gemu nzito marufuku. Na PS za vibanda hivyo bado zinakufa, tena kwa wingi kuliko za nyumbani.

Jibu hili nimelitoa kaunta mpaka sauti imekauka. Wacha niliandike.

Dhana: gemu nzito huichoma mashine

Gemu ni programu. Inaomba kazi ifanyike, basi. Haina ruhusa ya kugusa volti, wala kasi ya feni, wala kile kikomo cha joto ambacho kikifikiwa mashine hujizima. Mambo hayo yanasimamiwa na mfumo wa konsoli yenyewe, na watengenezaji wa gemu hawafunguliwi mlango huo. Isitoshe, gemu haiuzwi kwa PS au Xbox kabla ya kupita ukaguzi wa Sony au Microsoft, wenye mashine hizo.

Na mashine yenyewe ina mwisho wa nguvu zake. Kwenye PS4 ya kwanza, ile ya 2013, prosesa, ile chipu inayopiga hesabu, hukimbia kwa kasi ya GHz 1.6. Uweke FIFA, uweke The Last of Us, haipandi zaidi ya hapo. Ni kama kinu cha posho: foleni ya madebe ikifika barabarani, kinu hakiongezi kasi, wewe ndiye unayesubiri. Ndiyo maana gemu ikiizidi mashine unaona picha zinakwama na kukatakata. Cyberpunk ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa mbovu kiasi hicho kwenye PS4, hata Sony ikaiondoa dukani kwake siku chache baadaye na kurudishia watu pesa. Ilirudi Juni 2021. Watu walilia kwa ubovu wa gemu. PS zao zilibaki PS.

Kinachobadilika kutoka gemu moja hadi nyingine ni sehemu ngapi za chipu ziko kazini kwa wakati mmoja, na hapo ndipo umeme unaovutwa huongezeka na joto nalo huongezeka. PS5 imewekewa kikomo hata hapo. Imepimiwa umeme wake, na gemu ikitaka kuvuka kipimo hicho, chipu hupunguza kasi yenyewe. Hesabu hiyo hufanywa kwa kuangalia kazi iliyopo, haiangalii joto la chumba. Kwa hiyo PS5 ya Nyalenda hapa Kisumu na PS5 ya Oslo kwenye baridi hucheza gemu moja kwa kasi ile ile. Tofauti ni kwamba feni ya Nyalenda inatoka jasho zaidi.

Tena uzito unaouona kwa macho sio uzito unaohisiwa na chipu. Mark Cerny, mhandisi mkuu wa PS5, alipoieleza mashine hiyo Machi 2020, alitaja kwamba skrini ya ramani ya gemu ya Horizon huipasha moto sana PS4 Pro yake. Ramani! Hakuna vita, hakuna mlipuko, umesimama unatafuta njia. Picha ikiwa nyepesi, chipu haina cha kusubiri, inachora kwa nguvu zake zote. Yalitokea hayo hayo kwenye kompyuta mwaka 2010 StarCraft II ilipotoka: kadi za picha za watu wengine zilipata joto kupita kiasi wakiwa kwenye menyu tu, kwa sababu hapakuwa na kikomo cha fremu kwa sekunde. Sasa wewe uliyepiga marufuku God of War, utapiga marufuku na menyu?

Wajuaji huniletea habari ya Anthem. Ndiyo, Machi 2019 watu walilalamika kwamba gemu hiyo inazima PS4 zao kwa ghafla. EA, kampuni yenye gemu hiyo, ilichunguza, ikasema konsoli zilizozimika zinaweza kuwashwa tena, ikatoa marekebisho. Gemu yenye kasoro inaweza kuizima mashine, hilo silikatai. Kuizima na kuiua ni mambo mawili. Wengine hutaja New World, Julai 2021, gemu ya kompyuta iliyosemekana kuua kadi za picha za RTX 3090. Kampuni ya EVGA, mtengenezaji wa kadi hizo, ilipozichunguza kadi zake zilizokufa ilikuta zilichomelewa solda vibaya tangu kiwandani. Gemu iliikuta kasoro ikiwa inasubiri.

Basi inauawa na nini? Na sanduku

Hapa ndipo damu yangu huchemka.

Mwenye kibanda ananunua PS4, na kwa kuogopa wezi anamwendea seremala amtengenezee sanduku la mbao lenye kufuli, na tundu moja tu la kupitisha nyaya. Wengine humwendea fundi wa kuchomelea, sanduku likawa la chuma. Wizi naujua, sikatai kufuli. Lakini kitabu cha PS4 chenyewe kinasema itumike mahali penye joto la nyuzi 5 hadi 35. Mchana wa Kisumu, chini ya mabati, umeshaikaribia 35 kabla hata hujawasha swichi. Ongeza wati mia na kitu za PS4, au karibu 200 za PS5, ambazo zote mwishowe hugeuka joto. Ndani ya sanduku lililofungwa, feni inavuta hewa ile ile iliyoitema sasa hivi, na kila mzunguko ni moto zaidi. FC inachezwa mechi baada ya mechi tangu watoto watoke shule hadi usiku, mashine inatokota, inavumilia. Saa tatu usiku mtu anaweka GTA, mashine inazima ndani ya nusu saa. Lawama kwa nani? Kwa GTA.

Nikiifungua nakuta vumbi limejishona kwenye chuma cha kupozea kama blanketi. Za kutoka Nakuru huja na vumbi kavu la Januari, unalipuliza linatoka. Za huku ziwani ni mateso: unyevu umelishikanisha, na ndani yake kuna wale wadudu wadogo wa ziwa wanaojaa kwenye taa jioni. Kibanda kikiwa kando ya mkaanga chipsi, mvuke wa mafuta umeligeuza vumbi hilo kuwa ugali. Na mende. Mende wanaipenda PS4 kwa sababu ina joto na giza, na pawa saplai yake, sehemu inayopokea stima ya ukutani, iko ndani ya mashine. Mmoja akipita mahali pabaya anakufa yeye na saplai.

Dawa yake ni rahisi kuliko bili yangu. Sanduku liwe la wavu wa chuma pande zote, kufuli libaki. Nyuma ya mashine, hewa moto inakotokea, acha nafasi ya shubiri nzima. Usiilaze juu ya zulia wala juu ya dikoda. PS ya kibanda isafishwe kila miezi sita, ya nyumbani mara moja kwa mwaka. Ikiwa PS4 ina miaka minne au mitano na haijawahi kufunguliwa, pesti ya joto iliyo kati ya chipu na chuma cha kupozea imekauka, ibadilishwe. PS5 usijaribu mwenyewe: badala ya pesti ya kawaida imewekewa metali ya majimaji, na metali hiyo inapitisha umeme. Tone moja likianguka mahali si pake, bodi imekwenda.

Na tafadhali, konsoli isipelekwe kwa kompresa ya fundi wa pancha. Najua ni bei rahisi. Kompresa ile inatoa hewa yenye maji na mafuta, na nguvu yake inaizungusha feni kuliko ilivyoumbwa kuzunguka. Hata kwa blowa ya kawaida, ishike feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Mimi hutumia brashi ya kupaka rangi, mpya na laini, kabla ya blowa. Hilo hakuna atakayenitoa.

Mahali ambapo wateja wana haki kidogo

Joto lina madhara ya muda mrefu, na sitaki mtu aseme nimelificha. Bodi ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na viungo vya ndani huchoka kwa kurudiarudia hivyo. Xbox 360 iliyotoka 2005 ndiyo mfano wa wazi: zilikufa kwa wingi, taa nyekundu zikizunguka kitufe cha kuwashia, mpaka Julai 2007 Microsoft ikarefusha dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa matengenezo. Chanzo kilikuwa viungo vilivyokatika kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa joto, na huo ulikuwa udhaifu wa mashine yenyewe.

Kwa hiyo mashine ambayo tayari imeziba kwa vumbi, pesti imekauka, iko sandukuni, ndiyo, gemu inayovuta wati nyingi itaifikisha kwenye kikomo mapema kuliko FC. Ukiona PS4 imetoa ujumbe kwamba ina joto kupita kiasi, hiyo ni kengele ya kuzima na kuisafisha. Wateja wangu wengi huizima dakika tano, wakaiwasha, wakabadilisha gemu, wakaendelea hivyo mwaka mzima.

Mengine, kwa ufupi

*Feni ikipiga kelele mashine inakufa.* Inafanya kazi yake. Kelele ikizidi ile uliyoizoea, safisha. Mimi huogopa zaidi mashine yenye moto ambayo feni yake imenyamaza.

*Ielekezee feni ya meza kwa nyuma.* Unairudishia hewa moto ndani. PS4 na PS5 zote hutolea nyuma. Feni iwe inapuliza chumba.

*Ifunge kwa taulo ipate moto ijirekebishe, au itie kwenye friji ipoe.* Taulo ni ushamba wa enzi za Xbox 360. Ikiwaka, ni kwa siku chache, na umeichoma zaidi. Friji nayo huleta umande ndani ya bodi ukiitoa, hasa na hewa yetu hii ya ziwa. Walioniletea ya friji nimewatoza bila huruma.

*Gemu ya GB nyingi huchosha mashine.* GB ni nafasi kwenye diski ya kuhifadhia (hard disk): picha, video, sauti za lugha kumi. Chipu haijui gemu ina GB ngapi. Hata CD ya PS4, gemu huhamishiwa kwenye diski ya ndani, na CD inabaki ya kuthibitisha kwamba ni yako.

*Stima ikipotea hakuna neno, itarudi.* Hili lingestahili makala yake. Stima inapopotea mashine ikiwa inaandika kwenye diski, data huharibika. Inaporudi kwa kishindo, saplai huungua. Rafu yangu ina saplai nyingi zilizoungua kuliko chipu zilizokufa, na hakuna hata moja iliyouawa na gemu. Nunua TV gadi, ile inayosubiri kidogo kabla ya kuachia stima, na usichomeke PS kwenye ekstensheni moja na friji. Jirani akiwa fundi wa kuchomelea, hamia UPS, ile yenye betri ya kushikilia stima ikipotea. Na ukimaliza kucheza zima kwa menyu kwanza, usikimbilie swichi ya ukutani.

*PS inaharibu TV.* Hii ni ya wazazi, na ina mizizi. Kwenye TV za zamani za chogo na za plazma, picha isiyosogea ingeweza kubaki imechorwa kwenye kioo, na TV za OLED za leo bado zina hatari hiyo ubao wa magoli ukikaa pale pale masaa kwa masaa, miezi kwa miezi. Lakini TV nyingi za majumbani huku ni LED za kawaida, na hizo hazina shida hiyo. Mama, mistari ile kwenye kioo haikuletwa na kijana wala na gemu yake. Ni paneli au waya wake. Mpelekee fundi wa TV, mimi hizo sizishiki.