Inanga haifuati kinanda

Kijana wa Kigoma anayetaka bongo fleva yenye Uha, yaani asili ya Waha, ndani yake huanza na mavazi, halafu anachomeka neno moja la Kiha kwenye kiitikio. Mimi nasema aanze na nyuzi. Uha wa wimbo umekaa kwenye sauti za inanga, ala ya nyuzi, na kwenye toni za lugha, na hivyo viwili ndivyo hupotea mapema studio.

Inanga ni ubao uliochongwa kama hori. Uzi mmoja hupita kwenye meno ya ncha zote mbili, ukienda na kurudi, aghalabu mara 8. Kwa kuwa ni uzi mmoja, ukikaza mstari wa tatu, wa pili na wa nne nao husogea. Patanisha kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha rudia yote. Uzi wa utumbo wa mnyama hubadilika kwa unyevu, na kando ya ziwa unyevu haukosekani, kwa hiyo pima upya kabla ya kila wimbo.

Kosa kubwa linakuja hapa. Tuseme kinanda kina noti ya A ya hezi 440, inanga iko chini kwa senti 30 (senti 100 ni nusu toni, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata), na sauti hizo zinagombana kwa mtetemo unaochosha sikio. Prodyuza anataka kuipitisha inanga kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti. Mkatalie! Inanga itarudi ikiwa kinanda kibovu. Ashushe kinanda na besi senti 30 kwenye programu, kazi ya dakika moja. Noti za kinanda zisizopatana na nyuzi ziachwe, hata kodi (noti zinazopigwa pamoja) ikibaki na noti mbili.

Rekodi inanga kabla ya biti. Pigo likigawanyika mara tatu, gridi, yaani mistari ya kupangia mapigo kwenye programu, nayo iwe ya tatu. Ukiiacha ya nne, kila noti itavutwa mahali pasipo pake.

Sasa kunong'ona. Warundi, ndugu wa Waha kwa lugha, wana inanga ya kunong'ona: nyuzi ndizo hubeba melodi, na sikio huunganisha hadi mnong'ono usikike kama umeimbwa. Ndiyo maana ukiinyamazisha inanga ili rap isikike, yanabaki maongezi makavu. Weka maiki sentimita 10 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisipulize. Mnong'ono huishi kwenye sauti za juu, palepale penye haihati (visahani vya ngoma) na kayamba, kwa hiyo punguza haihati na kayamba. Ukimpandisha mwimbaji, unapandisha na kelele ya feni.

Kiha kina toni, Kiswahili hakina. Melodi ikipanda pale neno linaposhuka, neno linaweza kugeuka maana. Sema mstari kama unavyoongea na bibi, urekodi kwa simu, kisha melodi ifuate mapando na mashuko hayo. Kiswahili kinadai kingine: silabi ya pili kutoka mwisho ikae kwenye pigo zito. Melodi moja kwa lugha zote mbili itaumiza mojawapo.

Jukwaani, bandika maiki ndogo chini ya ubao na ukate sauti zilizo chini ya hezi 100, maana ubao hupokea besi ya spika na kuanza kuvuma. Inanga hupigwa umekaa, hivyo mkeka uwe tayari. Mwimbaji akitaka kucheza, asubiri gitaa la sebene liingie, ailaze inanga mkekani na maiki yake izimwe.